Tuliokuwa tunachekwa darasani tukaenda kujificha kwenye kompyuta, tukutane hapa

Ngamiani_Kati (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kuna mama aliuliza humu afanye nini na mwanawe wa miaka 14. Mtoto hana rafiki, mpira hataki, akitoka shule anajifungia na laptopu ya baba yake mpaka usiku. Majibu mengi yalikuwa mnyang'anye, mpeleke kijijini, mwombee. Nilianza kumjibu palepale, jibu likawa refu, nikaona bora lipate uzi wake. Mama, kama upo, vuta kiti.

Mimi nina kigugumizi. Sisemi kile cha kubabaika mbele ya wakwe. Nasema kigugumizi chenyewe, cha koo kufunga kama mlango uliosukumiwa kabati. Na kuna jambo msio nacho hamlijui: neno gumu kuliko yote ni jina lako mwenyewe. Maneno mengine yana njia za panya. Ukikwama kwenye "barabara" unasema "njia", ukikwama kwenye "baba" unasema "mzee". Jina halina kisawe. Langu linaanza na B, na B kwangu ilikuwa ukuta.

Mwaka 2001 nilikuwa kidato cha pili, shule moja ya kutwa hapo Tanga. Kila mwalimu mgeni akiingia anataka tujitambulishe mmoja mmoja, mstari kwa mstari, nami nahesabu vichwa vilivyobaki kabla ya kunifikia. Na ni Kiingereza lazima, kwa hiyo hata vile visawe vyangu vya kukimbilia sikuwa navyo. Zamu ikifika nasimama, b-b-b-b, na huko nyuma kuna mtu ananimalizia kwa mlio wa pikipiki inayogoma kuwaka. Darasa zima chini. Jina likawa hilo: Pikipiki. Hata waliohamia mwaka uliofuata, wasiojua lilikotoka, waliniita Pikipiki.

Jioni wenzangu walikuwa wanapita uwanja wa Mkwakwani kuwaona Coastal Union wakifanya mazoezi. Mimi natafuta mahali ambapo hakuna mtu wa kuniuliza kitu. Ngamiani kulikuwa na steshenari ya mzee mmoja, karani mstaafu, aliyekuwa rafiki wa marehemu babu yangu. Fotokopi, kulaminisha vyeti, kuchapa barua, kadi za harusi. Akanipa kazi ya kufagia na kupanga rimu. Kazi isiyohitaji mdomo. Niliipenda siku ya kwanza.

Duka lilikuwa na kompyuta mbili. Ya mbele, Pentium yenye Windows 98, ilifunikwa kitambaa cha kudarizi kama redio ya bibi, na aliyeruhusiwa kuigusa ni dada mpiga chapa peke yake. Ya nyuma ilikuwa 486, aina ya zamani kabla ya Pentium, iliyokufa zamani, imelazwa sakafuni, juu yake wamewekea karatasi. Ile ndiyo ikawa yangu, kwa sababu hakuna aliyeitaka.

Nilimwomba mzee kwa kikaratasi (mambo makubwa nilikuwa naandika) kama naweza kuiangalia. Akajibu naye kwa kuandika nyuma ya kikaratasi hichohicho: "Ikikurusha usimlilie mtu."

Sikilizeni sasa. Ukiiwasha, inalia mara tatu, kioo cheusi, basi. Kwenye droo kulikuwa na kijitabu cha madabodi, lile bao kuu la ndani ya kompyuta. Nilikisoma na kamusi pembeni siku mbili nzima, nikapata kwamba milio mitatu maana yake kumbukumbu, yaani ramu, haisomeki. Nikachomoa waya wa umeme, nikafungua skrubu za nyuma, nikavuta bati. Vumbi kama la kinu cha unga, na kwenye kona mayai mawili ya mjusi, makavu. Ramu za mashine zile zimebanwa na vishikizo viwili vya chuma. Unavitanua kwa kucha, kijibao kinalala chenyewe, unakichomoa. Nikakiangalia kwenye mwanga. Meno yake, yale yanayotakiwa kung'aa, yalikuwa na weusi. Tanga ni bahari, wakuu. Hewa ina chumvi, inakula mpaka bawaba za milango.

Nikachukua ufutio wa penseli kwenye begi langu la shule, nikasugua taratibu, upande huu, upande ule, mpaka ufutio ukawa mweusi na meno yakarudi kuwa meno. Nikapuliza. Nikarudisha, tak. Nikawasha.

Mlio mmoja. Halafu juu kushoto namba zikaanza kupanda mbio kama mita ya kituo cha mafuta.

Mzee akaja akasimama mlangoni, miwani mkononi. Hakunisifu. Alisema, "Haya. Umeme wa hiyo utaulipa kwa kufagia na uani."

Mashine ilikuwa na kasoro nyingine ambayo sikuiponya kamwe. Betri ya saa yake ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila ukiizima inasahau kila kitu. Ukiiwasha inaamini ni tarehe 1 Januari 1980, na haijui hata kama ina diski ndani yake. Lazima uingie kwenye ukurasa wa mipangilio uitambulishe diski yake upya, ndipo ikubali kuamka. Kila siku. Mimi niliyekuwa nakufa kujitambulisha, kazi yangu ya kwanza kila jioni ikawa kuitambulisha mashine.

Ilikuwa na DOS 6.22, mfumo wa kuendeshea kompyuta wa kabla ya Windows. Hakuna mausi, hakuna picha, ni herufi nyeupe kwenye giza. Sikuwa na wa kunifundisha, nikawa naorodhesha yaliyomo kwenye folda ya DOS na kuandika jina la kila programu nione inafanya nini. Msifanye hivyo. Nilipofungua FDISK, ile inayoweza kufuta diski nzima, nilitoka haraka kama mtu aliyekosea choo. Ila nikafika kwenye Q, nikaandika QBASIC, kumbe ni programu ya kuandikia programu, kioo kikawa buluu, na mle ndani kulikuwa na msaada: ukibonyeza F1 kila amri inaelezwa, na mfano wake. Nikanakili mfano wa kwanza nilioelewa, nikaubadilisha maneno:

INPUT "Jina lako nani"; J$
PRINT "Habari yako, "; J$

F5, yaani iendeshe. Kioo kikaandika: Jina lako nani?

Alama ya kuuliza sikuiweka mimi. Iliiweka yenyewe. Mbele yake kuna kale kamstari kanakowaka na kuzima, kanasubiri. Nikakaacha makusudi. Nikaenda kunywa maji mtungini, nikarudi, bado kanasubiri. Hakakuangalia saa. Hakakunimalizia jina. Hakakuniambia "tulia, vuta pumzi kwanza", maneno ambayo kila mwenye kigugumizi akiyasikia anatamani kumrushia mtu kiatu.

Nikaandika jina langu, lote, na la baba. Ikajibu habari yako, ikalitaja bila kukosea hata herufi. Nikabonyeza F5 tena. Na tena. Dada mpiga chapa baadaye aliniambia alidhani nimelala, maana kibodi ilikuwa inalia mlio mmoja uleule nusu saa nzima.

Naendelea kidogo halafu nawaachia jukwaa.

---

Mvita79

Naweka kikao hapa, endelea ndugu yangu. Wallahi hiyo ya ufutio imenirudisha mbali. Kwetu Mombasa mafundi wa saiba, yale maduka ya intaneti, walikuwa na ufutio mfukoni kama vile daktari na kipimo chake. Na maadui wetu ni hao hao, chumvi na mijusi.

---

Ngamiani_Kati

Hahaa Mvita, pwani ni moja.

Sasa niwape aibu yangu. Miezi mitatu baadaye nilikuwa nimeshajiona fundi. Siku moja kuna baba alileta disketi yenye orodha ya michango ya harusi ya mwanawe, dada aichape upya na nyongeza. Dada yuko sokoni. Nikaona disketi mbili mezani, moja ya mteja, moja yangu niliyotaka kuisafisha. Zote nyeusi. Mnajua kinachofuata. FORMAT A:, inaniuliza uko tayari, nikabonyeza. Ile sauti ya disketi ikisafishwa, krr, krr, krr, mpaka mia kwa mia. Nikageuza lebo. Mwandiko wa mtu mzima: MICHANGO.

Orodha ya michango, wakuu! Heri ningefuta cheti cha ndoa chenyewe. Pale kuna nani katoa elfu kumi, nani kaahidi mbuzi, nani kaahidi na hajatoa. Ukoo unaweza kuvunjika.

Nikamwambia mzee. Kwa mdomo, maana kikaratasi nisingeweza hata kukishika. Sijui ilinichukua dakika ngapi kumaliza sentensi ile moja. Alisubiri mpaka mwisho. Halafu akatoa kwenye faili nakala ya zamani iliyochapwa, akaiweka mbele yangu, akaniambia duka halifungwi mpaka majina yarudi. Niliyachapa kwa vidole viwili, dada akanisomea nyongeza alizokumbuka, tukamaliza adhana ya alfajiri inaadhiniwa. Tangu siku ile nachapa bila kuangalia kibodi, na tangu siku ile kila kitu changu kina nakala tatu. Wanaonijua kazini wanadhani ni nidhamu.

---

Mtihani_wa_Mock

Mimi nina tatizo na nyuzi za namna hii. Zinafanya ionekane kila mtoto mpweke ni fundi aliyefichwa. Bill Gates wa Microsoft naye anasimuliwa hivihivi. Ukweli ni kwamba 1968, akiwa na miaka 13, akina mama wa shule yake kule Seattle, Marekani, waliuza vitu vilivyotumika, hela wakakodishia mashine ya kuunganisha shule na kompyuta. Mwaka 1968! Chuo kikuu kizima huku kwetu kilikuwa nayo? Mleta uzi naye bila mzee wa steshenari angebaki Pikipiki. Wapweke wako maelfu, wenye mzee wa steshenari ni wachache. Semeni bahati, msiseme kipaji.

---

Ngamiani_Kati

Mkuu, sijasema kipaji mahali popote, soma tena. Nimesema ufutio.

Ila hapo kwa akina mama umenifurahisha, maana ukiitafsiri sawasawa ile ilikuwa biashara ya mitumba. Mitumba ya Seattle ikamlipia kijana muda wa kompyuta. Na lugha ya kuandikia programu aliyoanzia ni BASIC, babu wa hiyo QBasic yangu. Iliwashwa mara ya kwanza alfajiri ya tarehe 1 Mei 1964 katika chuo cha Dartmouth, Marekani. Siku tano baada ya Muungano wetu! Kemeny na Kurtz walioitunga walikuwa walimu wa hesabu, na waliitunga kwa ajili ya wanafunzi wasiosoma sayansi, ili mtu wa fasihi naye akae aiulize mashine kitu ajibiwe. Yaani tangu mwanzo ilikuwa lugha ya watu wasiotarajiwa. Hili nimelijua ukubwani na lilinipa raha kidogo.

Kuhusu huku kwetu uko sahihi. Mzee alikuwa ananisimulia enzi za ukarani. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha 1965, na 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Alikuwa anasema, "Wewe unachezea kitu ambacho mimi ningeulizwa nimekipitishia wapi." Nadhani ndiyo maana hakuniogopesha nisiguse. Yeye alishakatazwa ya kutosha.

---

Limau_la_Mbeya

Nyie wanaume mna bahati hata katika upweke wenu. Sisi shule ya bweni ya wasichana, chumba cha kompyuta kilikuwa kama madhabahu. Unavua viatu mlangoni, unanawa mikono, mapazia yamefungwa, kila mashine imevalishwa gauni lake. Kumi zipo, nne zinawaka, wasichana arobaini. Kipindi ni dakika 40, ukitoa za kuvua viatu na kuvaa unabaki na kuangalia mabega ya mwenzio.

Mimi sikuwa na kigugumizi, nilikuwa mrefu. Kidato cha kwanza nawazidi walimu. Kwenye mstari, kwenye picha, kwenye foleni ya uji, naonekana. Ukikaa mbele ya kompyuta urefu unaisha, na mabega nilikuwa naona juu ya wote bila shida, ha ha.

Kilichonikamata si programu kama mleta uzi. Ni Mavis Beacon, ile programu ya kujifunza kuchapa. Yule mama mweusi kwenye boksi, amevaa vizuri, ametulia. Nikajua ni mwalimu mkubwa huko Marekani, nikaapa nitakuwa yeye. Nilimwandikia barua kabisa, sikujua nitume wapi. Miaka baadaye ndiyo nasoma kwamba Mavis Beacon hajawahi kuwepo! Ni jina la kubuni la 1987, na yule wa pichani ni mwanamitindo mzaliwa wa Haiti, Renée L'Espérance, waliyemkuta akiuza manukato dukani. Nililia kidogo, sitadanganya. Lakini vidole alishanifundisha, basi. Mwalimu asiyekuwepo alinifundisha kuliko waliokuwepo na fimbo.

---

Mvita79

Limau umeniua na hiyo barua.

Kwetu baada ya kidato cha nne ilikuwa lazima ufanye kozi ya "pakeji", yaani programu za kompyuta za ofisini, nyumba nzima inachanga. Mimi nilikuwa yule mnene wa mtaa, kipa wa lazima. Pakeji ndiyo ilinitoa golini. Mtandao ulikuwa wa setilaiti, picha moja inafunguka kutoka juu kuja chini kama pazia linaloshushwa, ukifika shingoni dakika zako zimekwisha. Mkonga wa SEACOM, ule wa intaneti wa chini ya bahari, ulipofika Mombasa Julai 2009 nilishakuwa nauza saiba yangu, na watu wanauliza mbona leo picha inakuja yote kwa pamoja, kuna hila gani?

---

Mama_Chumba_cha_Pili

Ni mimi niliyeuliza ule uzi wa mtoto. Nimesoma vyote hapa, asanteni. Nina swali kwa mleta uzi, naomba usichukie. Hicho kigugumizi kompyuta ilikiponya? Maana mume wangu anasema mtoto anajificha tu, na anayejificha hawezi kupona.

---

Ngamiani_Kati

Shikamoo dada, kama umri unaruhusu.

Haikuponya. Ninacho mpaka leo. Wiki iliyopita nilipiga simu sehemu fulani ya huduma, binti akaniuliza jina, nikakwama kwenye B, akadhani mtandao mbovu akakata. Nilicheka, nikapiga tena.

Na mume wako yuko sahihi, nilikuwa najificha. Sitaki kukudanganya. Mwaka mzima wa kidato cha pili nilijificha nyuma ya ile 486 na nisingependa mtu anitoe. Kilichotokea ni kwamba watu wakaanza kuja huko nilikojificha. Kwanza dada mpiga chapa, printa yake imegoma. Halafu kijana wa mtaa wa pili anataka kujua mchezo wa nyoka upo humo. Halafu mmoja wa walewale waliokuwa wanalia pikipiki, babake kanunua kompyuta haiwaki. Nilikwenda kwao na ufutio. Njiani kurudi akaniita kwa jina langu. Sikumjibu kitu, lakini nililisikia.

Sijui kama mwanao atakuwa hivyo. Huenda anaangalia video tu, sijui. Kabla ya kumnyang'anya, kaa nyuma yake nusu saa bila kumuuliza lolote uone anafanya nini. Kama anatazama, ni jambo moja. Kama anatengeneza, ni jingine. Na usimwambie avute pumzi.

---

Mtihani_wa_Mock

Hapo kwenye kutazama na kutengeneza sina ubishi. Simu za siku hizi hata kifuniko huwezi kufungua, mtoto asugue nini na ufutio?

Swali: ile disketi ya programu yako ya kwanza unayo?

---

Ngamiani_Kati

Ninayo. Lebo imeandikwa "B. USIFUTE". Mwaka jana niliazima kisomea disketi cha USB, nikaiweka. Ikakoroma sana, ikaniuliza nirudie au nikubali imeshindikana. Nikarudia. Ikakoroma tena. Nilirudia mpaka mke wangu akaja kuuliza nasaga nini. Imekwisha, ukungu umeingia ndani.

Haijalishi, ni mistari miwili na nimeiandika hapo juu. Anayetaka kuijaribu kuna programu ya bure inaitwa QB64, inakubali lugha ileile kwenye laptopu ya kawaida. Mzee mwenyewe tulimzika miaka mingi iliyopita, steshenari sasa ni duka la vipodozi.

---

Mama_Chumba_cha_Pili

Nimerudi. Nilikaa nyuma yake kama ulivyosema. Alikuwa anapanga matokeo ya ligi kwenye jedwali, timu zote, yeye ambaye mpira haupendi! Nikamwonyesha ile mistari yako. Akaiweka, ikamuuliza jina, akaandika. Kaka yake akaandika, mimi nikaandika, baba yake naye akaitwa sebuleni.

Leo asubuhi kaifungua imemuuliza tena jina lako nani. Amekasirika. Anasema jana nimeiambia, kwa nini leo hainijui? Nimjibu nini?

---

Ngamiani_Kati

Mwambie iko kama ile 486 yangu, ikizimwa inasahau. Atafute habari za OPEN, na APPEND, amri za kuandika kwenye faili. Atafute mwenyewe, usimtafutie.